Tumempa Chakula cha Safari: Je, Tumemwonyesha Njia?

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba unapoelekea mwisho, mabasi yanayotoka Mbulu, Dongobesh, Haydom na Katesh huchukua abiria wa namna ya pekee. Ni vijana waliomaliza kidato cha sita na kuchaguliwa kuingia chuo kikuu: huyu aenda Dodoma, huyu Dar es Salaam, huyu Mwanza, huyu Morogoro. Nyuma yao wamebaki wazazi waliouza ng'ombe, au vitunguu saumu vya Mbulu, au ngano na alizeti ya Hanang, ili kijana apate nauli, godoro na fedha ya kuanzia. Wengi wao ni wa kwanza katika ukoo mzima kuvuka mlango wa chuo kikuu. Twafurahi pamoja nao. Lakini furaha yetu isitufumbe macho, kwani liko swali moja lionekanalo dogo, nalo si dogo hata kidogo: Kijana huyu akifika huko, ni wajibu wa nani kumwonyesha njia? Na yule amwonyeshaye, je, amtendea hisani, au amlipa haki yake?

Wengi hujibu upesi kwamba ni hisani tu. Chuo kikuu, wasema, ni mahali pa watu wazima. Mtu mzima hashikwi mkono. Mwalimu mlezi akipata nafasi na amsaidie. Asipopata, hana lawama. Jibu hili twaona halifai, nasi twaeleza sababu zetu.

Tutazame kwanza hali yenyewe. Mtoto wa Kiiraqw kule Mbulu, au wa Kibarabaig kule Hanang, hunena nyumbani lugha ya mama yake. Katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Akifika sekondari hubadilishiwa lugha, akafundishwa kwa Kiingereza. Basi anapoketi katika ukumbi wa mihadhara pamoja na mamia ya wenzake, asikiliza hoja nzito kwa lugha yake ya tatu, wala hakuna anayesimama kumngoja. Tena, shuleni alizoea kengele: kengele ya kuamka, ya kula, ya kusoma, ya kulala. Chuoni hakuna kengele. Mhadhiri hamwulizi kwa nini hakuonekana jana. Kazi za muhula zaanza kutolewa mapema, na alama zake hujumlishwa na zile za mtihani wa mwisho. Lakini kijana asiyelijua jambo hili hudhani kwamba hesabu yote itafanyika siku ya mtihani. Anapozinduka, ndege wamekwisha kula sehemu ya shamba.

Kuna na jambo la fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, imewafungulia mlango watoto wengi wa maskini ambao wasingeweza kamwe kulipa ada. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini ile fedha ya chakula na malazi, ambayo vijana wenyewe huiita "bumu", humfikia kwa mafungu kijana ambaye pengine hajapata kushika fedha nyingi namna hiyo maishani mwake. Ni wangapi wamekaa naye wakapanga juma kwa juma itakavyotumika? Ni wangapi wamemweleza waziwazi kwamba mkopo si zawadi, na kwamba tangu sheria ilipogeuzwa mwaka 2016 mdaiwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe?

Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao wazee wetu wanaukumbuka. Alimlinganisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali na kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo akila kile chakula, asirudi na msaada, amewasaliti ndugu zake. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwarudisha makwao karibu 400, na siku ile ile akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe. Alitaka nchi ielewe kwamba elimu ni deni.

Sisi twaukubali mfano huo. Lakini mfano una pande mbili, na upande wa pili husemwa mara chache. Ikiwa kijiji kimempa mjumbe wake chakula chote, kisha hakikumwambia mto unavukwa wapi, wala mlima upandwe kwa upande gani, wala amwulize nani akipotea, je, asiporudi tutamlaumu yeye peke yake? La hasha. Kijiji kinachodai msaada urudi, kimejifunga chenyewe kuonyesha njia. Kwa hiyo kumwongoza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza si sadaka ya mtu mwenye moyo mwema. Ni nusu ya pili ya mapatano yale yale. Tumemtuma sisi, kwa ng'ombe wetu na kwa kodi zetu; basi ana haki ya kuuliza njia, na kujibiwa.

Hapo atasimama mtu na kusema: "Sisi hatukuongozwa na mtu, na tulifaulu." Twamheshimu asemaye hivyo, lakini ushahidi wake una upungufu. Wale walioshindwa hawako hapa kutoa ushahidi wao. Walirudi kimya kimya, au hawakurudi kabisa kwa kuona haya, na leo hakuna awaulizaye. Tena nyakati zimebadilika. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam, Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi hawakufika 20, na wote walisoma sheria. Mwalimu aliweza kumjua kila mmoja kwa jina na kwa kwao. Leo chuo kimoja chapokea maelfu kwa mwaka. Jambo ambalo zamani lilitendeka lenyewe kwa sababu ya uchache wa watu, leo halitendeki lisipopangwa.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kweli, na kijana wa chuo hana budi kupewa jembe lake mapema. Lakini mwenyeji mwenye akili hampi mgeni jembe kabla hajamwonyesha mpaka wa shamba, asije akalima la jirani. Siku mbili zile si za kula na kulala tu. Ni siku za kuonyeshwa.

Hata hivyo liko kosa la upande wa pili, nalo ni kumbeba kijana. Kuna walezi, na wazazi pia, ambao kwa mapenzi mengi humchagulia kijana masomo, humwandikia barua zake, humwombea radhi kwa kila mhadhiri, hata anamaliza mwaka bila kuamua jambo lolote yeye mwenyewe. Hapa yafaa tumkumbuke mwana wa Mbulu, John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki kule Mexico, alianguka njiani akaumia vibaya goti. Wauguzi walimfunga bandeji. Kisha akainuka, akaendelea akichechemea, akaingia uwanjani gizani, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu 75 walikuwa wameanza. Walimaliza 57, na yeye alikuwa wa mwisho wao. Dunia yote yamheshimu mpaka leo.

Mara nyingi mkimbiaji husifiwa, na aliyemfunga bandeji husahauliwa. Pasipo bandeji ile, pengine Akhwari asingemaliza. Lakini lau wangalimbeba mabegani na kumvusha mstari, asingalihesabiwa kuwa amemaliza. Mlezi mwema wa mwanafunzi yuko kati ya makosa hayo mawili. Amwona aliyeanguka, amfunga goti, ampa maji, amwelekeza njia; kisha amwachia mbio zake mwenyewe.

Mlezi wa namna hii ahitaji vyombo vya kazi, kama fundi yeyote. Si vingi, wala si vya gharama. Kwanza, ahitaji orodha ya majina: nani anatoka wapi, nani ni wa kwanza kwao kusoma, nani bado hana mkopo. Pili, kalenda ya muhula, yenye tarehe za usajili, za kazi na za mitihani, na awape vijana katika juma la kwanza, si la kumi. Tatu, azijue kanuni za chuo barabara, hasa zile za kurudia mtihani, za kuahirisha mwaka, na za kufukuzwa masomo, jambo ambalo vijana huliita "kudisko". Nne, ajue milango: dawati la mikopo liko wapi, zahanati iko wapi, nani husaidia maktabani, na nani huwasikiliza walioelemewa na huzuni. Tano, na hiki ni kigumu kuliko vyote, awe na saa zinazojulikana ambazo mlango wake u wazi. Asingoje kuulizwa. Kuuliza si ujinga, lakini anayehitaji msaada zaidi ndiye mara nyingi aogopaye kuuliza.

Orodha ya majina si jambo la karani tu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Ilikuwa katikati ya muhula. Tufikiri juu ya kijana wa Katesh akiwa mbali katika mwaka wake wa kwanza, apata habari ya kwao kwa simu, naye kesho yake ana kazi ya kukabidhi. Mlezi mwenye orodha humtafuta asubuhi ile ile. Asiye na orodha huona tu, mwisho wa muhula, alama zilizoanguka, akadhani ni uvivu.

Mtakatifu John Henry Newman, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019, alikuwa mwalimu mlezi katika Chuo cha Oriel, Oxford, tangu mwaka 1826. Alishika kwamba kazi ile haikuwa ya kusikiliza masomo tu, bali ilikuwa na uchungaji ndani yake. Mkuu wa chuo hakukubaliana naye, na mwisho wanafunzi wapya hawakupelekwa kwake tena. Kwa hiyo swali hili si geni, wala si la nchi maskini peke yake. Na aliyelijibu kama sisi tunavyolijibu alipata hasara kwa ajili yake.

Liko fumbo moja gumu. Kijana ameshindwa mitihani, amkimbilia mlezi wake na kumsihi: "Mwalimu, tafadhali, nyumbani wasijue." Mlezi afanyeje? Kijana ni mtu mzima. Siri ni yake. Lakini ng'ombe walikuwa wa baba yake. Sisi twaona hivi: mlezi na aitunze siri, kwani akiifichua mara moja hakuna kijana mwingine atakayemfungulia moyo. Lakini kutunza siri si kushiriki uongo. Asiandike barua ya kudanganya, wala asijibu simu kwa maneno ya hila. Na amwambie kijana wazi: "Habari hii ni yako kuipeleka, nami nitakusaidia kupata maneno." Siri ya namna hiyo ni daraja la kuufikia ukweli. Siri iliyoachwa peke yake huwa shimo, na vijana wengine wamezama humo.

Ili jambo hili liwezekane, nyumbani nako pawe mahali ambapo habari mbaya inaweza kufika. Enyi wazazi wa Mbulu na Hanang, na popote mnaposoma maneno haya, twawasihi mambo matatu. Msimlazimishe mtoto kuwa daktari kwa sababu tu jirani ana mtoto daktari. Mshaurini, kisha msikilizeni. Msiiombe fedha yake ya chakula kutatua shida za nyumbani, maana atawapa kwa heshima, akalala njaa, nanyi hamtajua. Na kabla hajaondoka, mwambieni kwa kinywa chenu: "Ukishindwa, rudi utuambie, wewe ni mwana wetu bado." Neno hilo ni akiba isiyopungua, na binti alihitaji sawasawa na kijana wa kiume.

Wale waliotangulia nao wana sehemu yao. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu atokaye Haydom au Basotu ajua mambo ambayo hakuna kitabu cha chuo kinachoyaeleza. Si kazi kubwa kwake kumpokea mdogo wake kituoni, kumwonyesha ofisi ya usajili, na kumtembelea baada ya majuma matatu, wakati shangwe za mwanzo zimekwisha na upweke umeanza. Parokia nazo zaweza kuwakusanya vijana siku moja kabla ya safari, na kumwita aliyerudi awaeleze bila kuficha.

Basi, jibu letu ni hili. Kijana anadaiwa na kijiji, nasi hatutaacha kumkumbusha. Lakini kijiji nacho, na chuo kilichompokea, vinadaiwa na kijana. Deni hilo halilipwi kwa fedha. Hulipwa kwa mtu anayelijua jina lake, anayemwuliza habari zake kabla hajaharibikiwa, na anayemwachia mbio zake azimalize kwa miguu yake mwenyewe. Oktoba nyingine inakuja, na mabasi yataondoka tena. Kila mmoja wetu na ajiulize mapema ni kijana gani atakayemtazamia yeye.