Nani Mwenye Ile Nusu Milimita?

Hedi ya injini ikifunguliwa katika gereji za jua kali mjini Nakuru, gasketi ndiyo hutupwa kwanza. Ya zamani huwa imebanwa ikabaki na unene wa milimita 1.2 hivi, fundi mwenye ujanja wake huweka ya chuma yenye milimita 0.7. Chumba cha moto kinapungua na kompresheni inapanda. Silinda ya sentimita za ujazo 500 yenye kipenyo cha milimita 86, iliyotoka kiwandani na kompresheni ya 9.5 kwa 1, itafika karibu 9.9.

Je, ni halali kuila hiyo nusu milimita ya nafasi?

Sababu ya kuitamani ipo. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa huku ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini inavuta hewa hafifu, na mlima wa kuelekea Mau Summit hauna huruma. Lakini hesabu ya fizikia ni bahili: kutoka 9.5 hadi 9.9, ufanisi wa kinadharia huongezeka kwa asilimia 1 na kitu. Watu wameuza mbuzi kwa faida kubwa kuliko hiyo.

Wapo wanaosema aliyeiunda injini ndiye ajuaye, na anayegusa kipimo chake ana kiburi. Hoja hiyo haina miguu. Kwa injini nyingi za dizeli, kiwanda chenyewe hutoa gasketi za unene tofauti, zenye alama za matundu au pengo ukingoni, ili fundi achague baada ya kupima pistoni imechomoza kiasi gani juu ya bloku. Kipimo kimeachiwa mkono wa binadamu tangu mwanzo. Dereva Joginder Singh naye alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, na hakuna aliyemwita mkaidi kwa kuiandaa gari yake ikabiliane na barabara za Afrika Mashariki.

Aristotle aligusa jambo hili alipomtaja Milo, mpiga mieleka: chakula kilicho kidogo kwake ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Kadiri haikai mahali pamoja. Kompresheni inayoifaa Nakuru huweza kugeuka kuwa ya kupita kiasi gari likiteremka hadi Mombasa, ambako hewa ni nzito. Mafuta huwaka kabla ya wakati, injini inagonga, na kugonga kukiendelea pistoni hutoboka. Dereva wa Nakuru anayajua hayo ikiwa alihusika katika kuchagua gasketi. Je, mtu wa Mombasa atakayelinunua gari hilo mwakani?

Hapo ndipo swali lilipo hasa. Mhandisi aliacha nafasi kwa ajili ya watu asiowajua: atakayeuziwa petroli mbovu, atakayechemsha injini kwenye foleni. Injini ikichemka, hedi hupinda na kupelekwa kuskimiwa, yaani kuchongwa uso unyooke, nayo hupungua unene. Ikiskimiwa mara mbili, kisha ikawekewa gasketi nyembamba, valvu zinasogelea pistoni kuliko ilivyokusudiwa, na kwa macho hakuna kinachoonekana. Ile nusu milimita, basi, ni amana ya mtu ambaye bado hajafika gerejini.

Kuhusu swali la halali, katika Hadithi iliyomo kwenye Sahihi ya Muslim, Mtume alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji. Mwenye chakula akajitetea kuwa ni mvua. Hakuambiwa kuwa chakula kilicholowa hakiuzwi. Aliulizwa kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona. Fikihi nayo humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa yenye kasoro iliyofichwa. Mpaka wa halali haukuwekwa kwenye unyevu, uliwekwa kwenye kuficha.

Kwa kipimo hicho, gasketi nyembamba haina dhambi yoyote, na fundi anayejua kupima asizuiwe. Ila aandike kwenye risiti unene wa gasketi aliyoweka na kiasi cha hedi kilichoskimiwa. Nawe unayeuza gari, mkabidhi mnunuzi risiti hiyo pamoja na logbuku.