Sauli Alihesabu Siku



Kompyuta ya Linux inapowashwa, haiamki yote kwa mara moja. Huanza diski yenye mfumo wenyewe, kisha husomwa faili liitwalo /etc/fstab, ambamo kila diski imepangiwa folda yake. Siku hizi uwashaji kwenye Linux nyingi unasimamiwa na systemd, iliyotoka mwaka 2010, nayo huanzisha kazi nyingi sambamba ili mashine iwake upesi. Ila programu ambayo haikuambiwa imsubiri nani, haimsubiri yeyote.

Chukua kompyuta ya usharika inayotunza daftari la ubatizo kwenye diski ya pili. Kwenye fstab pameandikwa nofail, yaani diski hiyo isipopatikana, mashine iendelee tu. Umeme umekatika, umerudi, diski imechelewa kuitika. Programu ya daftari inaikuta folda yake pale pale, tupu, na haina namna ya kujua kuwa mwenye nyumba hajafika. Inafungua daftari jipya. Karani anaingiza watoto wa Jumapili, na kila jina linapokelewa. Baadaye fundi anaunganisha diski kwenye folda ileile na kuwasha programu upya: majina ya miaka yote yapo, ya Jumapili hayaonekani. Hayajafutwa. Yamo chini, kama sarafu zilizotandikiwa mkeka.

Fundi mwenye haraka huiambia programu ingoje sekunde 30. Siku diski itakapochukua 35, yatarudi yaleyale. Dawa yenyewe ni mstari mmoja kwenye maelezo ambayo systemd huyasoma kuhusu programu hiyo, RequiresMountsFor, unaotaja folda: programu isianze mpaka diski ya folda hiyo iwe imeunganishwa. Mstari huo hauhesabu sekunde.

Mfalme Sauli yeye alihesabu; someni 1 Samweli 13. Sauli yuko Gilgali, Wafilisti wamejaa Mikmashi, watu wake wanamponyoka mmoja mmoja hadi wanabaki kama 600. Nabii Samweli alikuwa amemwagiza angoje siku saba, mpaka atakapofika na kumwonyesha la kufanya. Sauli alizishika siku saba, akamwachilia Samweli. Siku zilipotimia akatoa sadaka mwenyewe, na alipomaliza tu, Samweli huyo akatokea. Namhurumia sana mfalme huyu. Hakuwa mvivu wala hakudharau ibada. Alikuwa ameshika nusu ya agizo, ile inayohesabika. Nasi tunafanya hivyo tunaposema, nitafunga wiki hii, nisipojibiwa naamua mwenyewe. Hapo tumeisubiri wiki, si Bwana.

Na aliyekwisha kuanza kabla ya wakati? Fundi mwema hakurupuki kuandika upya kwa kumbukumbu. Anasimamisha programu, anaiondoa diski kwenye folda, anayakuta majina ya Jumapili mahali yalipoandikwa, anayanakili pembeni, anairudisha diski, ndipo anayaingiza moja moja. Wazee wa kanisa, ndugu aliyekimbilia ndoa, biashara au huduma naye msimwambie kwamba yote aliyofanya ni bure. Mwombeni asimame kwanza. Kaeni naye nyumbani kwake, mkaulizane polepole ni kipi alikifanya kwa moyo safi katika siku zile za haraka, na hicho kisiachwe nje.