Utamu wa Vuli Hauhitaji Tanuri

Wenzetu wa Ulaya, Septemba ikiingia na majani ya miti kuanza kupukutika, hujifungia jikoni na maboga, tufaha na mdalasini. Kwetu Kyondo, karibu kabisa na Ikweta, msimu tunaujua kwa mambo mengine: mvua inayoteremka kutoka milima ya Rwenzori, kahawa inayoiva mitini, na watoto wa muhula wa tatu wanaotoka shule na njaa isiyoisha.

Mzazi anayeamini kwamba bila tanuri hawezi kuwatengenezea wanawe kitu kitamu, namwomba autazame upya moto wake. Mafiga matatu yanatosha.

Karanga za mavuno ya Julai sasa zimekauka. Kazi ya kwanza ni kuzichambua, na kazi hiyo mimi huwapa watoto. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu inatupwa, hata kuku hapewi, kwa maana sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haimalizwi na kukaanga, na unyevu wa siku hizi ndio unaoilea. Zilizobaki zinakaangwa taratibu, zinafikichwa kwa viganja, maganda yanapepetwa kwa ungo. Kisha sukari inawekwa kwenye sufuria kavu, moto mdogo, inakorogwa mpaka iyeyuke na kupata rangi ya asali. Hapo mwiko anaushika mtu mzima, kwani sukari hiyo inaunguza kuliko maji yanayochemka. Karanga zinaingia pamoja na chembe chache za chumvi ya Katwe. Mimina juu ya ubao uliopakwa mafuta, sawazisha kwa chupa, kata kashata zikiwa bado na joto. Ukichelewa kidogo, kisu hakipiti.

Asiye na karanga ana ndizi. Kabalagala haidai yai wala hamira: ni ndizi ndogo tamu zilizoiva hadi ganda likaingia madoa meusi, zikapondwa bila tone la maji, zikakandwa na unga wa muhogo, zikakatwa kwa mdomo wa glasi na kukaangwa kwenye mafuta.

Sisemi biskuti ya dukani ni mbaya. Ila nimeona tofauti. Biskuti mtoto anaifungua, anaila, anaomba nyingine. Kashata aliyoichambulia karanga anaigawa mwenyewe: ya bibi kwanza, kisha ya jirani aliyekuja kujikinga na mvua, halafu yake. Hajafundishwa ukarimu na mtu. Amejua kazi iliyomo ndani ya kile kipande, na anajivunia kukitoa. Fedha ya kahawa tunaisaka kwa ajili ya ada, na ni haki, lakini saa moja ya kukaa na mtoto kando ya sufuria haina mwalimu mwingine yeyote ila wewe.

Mzazi mwenzangu, Jumamosi mvua ikikufungia ndani, usimtume mtoto dukani. Mpe ungo na karanga, uketi naye mchambue.