Kaseti Tupu na Swali la Uwezo Usiotumika

Miongoni mwa wakusanyaji wa vitu vya zamani wapo wanaotafuta kaseti tupu za sauti, yaani zile zilizotoka kiwandani bila kurekodiwa chochote na ambazo hadi leo zimo ndani ya plastiki iliyozifunga, na thamani wanayozipa hutegemea zaidi jambo moja, kwamba hazijawahi kufanya kazi zilizoundiwa. Tangu kampuni ya Philips ilipoionyesha kaseti hadharani mjini Berlin mwaka 1963, kusudi la kifaa hiki halikuwa na utata, nalo ni kupokea sauti, kuihifadhi na kuitoa tena. Hivyo huzuka swali linalostahili kupimwa kwa makini: je, anayekizuia kitu kisitimize kusudi lake anakitunza au anakidhulumu?

Swali hili ni la kale. Imamu Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, alilijadili katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, pale alipoeleza kwamba kuishukuru neema ni kuitumia kwa mujibu wa hekima iliyokusudiwa katika kuwepo kwake. Dinari na dirhamu, kwa maelezo yake, ziliwekwa ili zizunguke mikononi mwa watu na kuwa kipimo cha thamani ya vitu vingine, na kwa hiyo anayezilimbikiza ni kama aliyemfunga hakimu gerezani, watu wakakosa wa kuwaamulia. Ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, dhuluma haimo katika kumiliki, bali katika kukizuia kitu kisiwafikie wanaokihitaji.

Mkusanyaji anaweza kujitetea kwa Aristotle, ambaye katika kitabu cha tisa cha Metafizikia alitofautisha uwezo, yaani hali ya kitu kuwa tayari kutenda au kutendwa jambo, na utendekaji, yaani jambo hilo linapotokea kwa hakika. Aliwapinga wanafalsafa wa Megara walioshikilia kwamba uwezo upo pale tu unapotumika, kwani kwa maoni yake mjenzi hapotezi ufundi wake anapopumzika. Kwa kipimo hicho kaseti iliyofungwa haijapungukiwa na kitu, na mwenye kuihifadhi hujiona mlinzi wa uwezo wenyewe. Hata hivyo, mwanafalsafa huyo huyo alifundisha kwamba utendekaji huutangulia uwezo kwa hadhi, kwa sababu uwezo upo kwa ajili ya utendekaji wala si kinyume chake.

Utetezi huo hudhoofika zaidi tunapoichunguza kaseti yenyewe. Utepe wake, wenye upana wa milimita 3.81, umepakwa chembe ndogo mno, aghalabu za oksidi ya chuma, na kila chembe ni sumaku. Katika utepe mtupu chembe hizo hazikosi usumaku, bali usumaku huo umeelekea huku na huku bila mpangilio, hivyo nguvu zake hubatilishana na kuacha mvumo hafifu tu. Kichwa cha kurekodia huupanga usumaku huo kwa kuifuata sauti, na kichwa cha kufutia huuvuruga upya. Maana yake ni kwamba kurekodi hakuumalizi uwezo wa kaseti, tofauti na mbegu ambayo ikishachipua hairudi tena kuwa mbegu. Kinachopotea plastiki inapochanwa, basi, si uwezo wa kupokea sauti, bali ni ushahidi kwamba sauti haijawahi kupokelewa. Tena plastiki hiyo haiuzuii wakati, kwa kuwa hata ndani yake gundi inayoshikilia kipande kidogo cha kuukandamiza utepe kwenye kichwa cha kusomea huweza kukauka na kuachia.

Hoja iliyo imara zaidi kwa mkusanyaji ni ile ya ushuhuda. Mwandishi Walter Benjamin, akiandika mwaka 1931 kuhusu vitabu vyake, alieleza kwamba mkusanyaji havitazami vitu kwa manufaa yake, bali kwa majaliwa yaliyovipitia. Kwa kaseti iliyofungwa, majaliwa hayo ni kutengenezwa kwake: kampuni ya TDK ya Japani ilipotoa kaseti ya MA-R mwaka 1979, ikiwa na fremu ya metali na utepe uliopakwa chembe za metali halisi badala ya oksidi, iliacha kumbukumbu ya namna mafundi walivyokihangaikia chombo ambacho wengi walikiona cha kawaida. Kuihifadhi kaseti ya aina hiyo pamoja na kifungashio chake ni kuiheshimu juhudi ya binadamu, na jambo hilo ni la thamani hata kama utepe hautazungushwa kamwe.

Lakini ushuhuda una kiasi chake. Kaseti moja iliyofungwa yatosha kushuhudia jinsi aina yake ilivyotengenezwa, na mia moja zinazofanana nayo hazishuhudii mara mia zaidi, ilhali bado wapo wanaorekodi kwa kaseti, na utepe wa metali hautengenezwi tena. Hapo hukumu ya Ghazali hurudi kwa nguvu zake zote. Kuhifadhi huwa shukrani pale mwenye kuhifadhi anapojua anamhifadhia nani, awe mtafiti, kizazi kijacho au jirani mwenye redio ya kaseti. Asipoweza kumtaja yeyote ila nafsi yake, alichonacho ni limbikizo, hata kama limepangwa kwa upendo.