Siku Zangu, Siri za Wenzangu

Mtu anapohama nyumba huondoka na vyake. Hupakia kitanda, sufuria, mikeka na vitabu, akakabidhi ufunguo kwa mwenye nyumba, na nyuma yake hubaki kuta tupu na alama za misumari. Hakuna anayemwuliza kwa nini amechukua kitanda chake. Kwa kuwa tumeizoea hama ya namna hiyo, tunadhani kila hama ni sawa na hiyo. Lakini siku hizi tunahamisha hata siku zetu, yaani kalenda tulizoziandika ndani ya simu na kompyuta, tukazitoa katika huduma moja ya intaneti na kuzipeleka katika nyingine. Swali linalonikera ni hili: je, yote yaliyomo katika kalenda yangu ni yangu, hata niyapeleke nitakako?

Kwanza tufahamiane juu ya kitu chenyewe. Hilo liitwalo wingu si wingu. Ni kompyuta kubwa za watu wengine, zilizowekwa katika majengo ambayo wengi wetu hatutayaona kamwe. Ukiandika miadi katika simu yako, maneno yako husafiri hadi kwenye kompyuta hizo, kisha hurudi na kujiandika katika vyombo vyako vingine vyote. Ukifuta pamoja, kunafutika kwote. Mambo haya yanawezekana kwa sababu wataalamu walikubaliana juu ya namna moja ya kuandika miadi. Mwandiko huo, uitwao iCalendar, ulitolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009, na taratibu za kuupeleka na kuurudisha, ziitwazo CalDAV, zilitolewa mwaka 2007. Kwa ajili hiyo siku zangu za miaka mingi zaweza kukusanywa katika faili moja la maandishi ya kawaida: tarehe, saa, mahali, majina ya watakaohudhuria, na maelezo niliyoyaongeza. Faili hilo hutolewa huku na kuingizwa kule kwa dakika chache.

Wala si kila mara mtu huhama kwa hiari. Kampuni ya Apple ilianzisha huduma yake ya MobileMe mwaka 2008, ikafungua iCloud mwezi wa Oktoba 2011, na tarehe 30 Juni 2012 ikaifunga ile ya kwanza. Waliokuwa wameweka kalenda zao humo walitakiwa wahamie kwingine. Mpangaji ni mpangaji, awe wa chumba au wa wingu.

Hata hivyo, ipo tofauti kubwa kati ya hama hizi mbili, na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Anayehamisha kitanda huwa na kitanda kimoja kabla na kimoja baadaye. Anayehamisha kalenda huwa nazo mbili. Kitendo tunachokiita kuhamisha ni kunakili, na ile ya zamani hubaki palepale mpaka mwenyewe arudi kuifuta. Hata akiisha kuifuta, nakala za akiba huweza kukaa kwa muda kabla hazijaondolewa. Basi ikiwa mlikuwa na mlinzi mmoja wa siri, baada ya hama mnao wawili.

Nilikuwa na kalenda ya miaka kumi na mmoja. Watu wa nyumbani kwangu walipendekeza tuhamie sote katika huduma moja, ili kila mtu aone ya mwenzake: nani anampeleka mtoto shule, harusi ya nani iko lini, ada inalipwa tarehe ngapi. Pendekezo lilikuwa jema, nami nililikubali. Lakini kabla ya kuhamisha nilikaa jioni tatu nikaisoma kalenda yote tangu mwanzo, kama mtu anayefungua masanduku ya zamani kabla gari halijaja.

Niliona kwamba siku zangu ni za aina tatu. Aina ya kwanza ni siku zilizonihusu mimi tu: kung'oa jino, kulipa kodi, kusafiri. Hizo ni kama kitanda changu. Aina ya pili ni siku za ushirika, kama vile mikutano ya chama, kamati za harusi na safari za pamoja. Hizo ni zetu, na inatosha kuwaarifu wenzangu kwamba kumbukumbu zimehama. Aina ya tatu ni siku za watu wengine ambazo mimi niliziandika kwa kuwa waliniamini. Jirani aliniomba nimsindikize mahakamani, hataki mumewe ajue. Kijana mmoja alitaka nimkumbushe siku ya kwenda kuonana na mshauri wa walevi. Na mdogo wangu, tangu mwaka 2015 hadi alipofariki mwaka 2018, alihudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu kwa maradhi ambayo aliyajua yeye, daktari wake na mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka. Katika kalenda nilikuwa nimeandika jina lake, jina la kliniki, na mara nyingine dawa alizoandikiwa. Watoto wake hawakuambiwa, kwa kuwa hakutaka waambiwe. Watoto hao ninaishi nao, huniita Baba Mkubwa, na ndio hao waliokuwa wakingoja kalenda ya pamoja.

Huenda msomaji akauliza, sheria inasemaje? Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga yake ya taarifa binafsi mwaka 2022. Sheria ya Kenya inampa mtu haki ya kuchukua taarifa zake kutoka huduma moja na kuzipeleka nyingine, na vilevile inaziacha nje ya masharti yake shughuli za mtu binafsi zilizo za nyumbani tu. Maana yake ni kwamba mahali hapa hakuna askari wala hakimu. Sheria imeliacha jambo hili mlangoni mwa dhamira yangu, nami sioni kwamba ilikosea, kwani sheria ikiingia mpaka katika shajara ya kila mtu itakuwa mgeni mbaya kuliko mwizi.

Wako watakaosema kwamba nakuza jambo dogo. Nani mwenye haja ya kusoma kliniki ya mtu aliyekwisha kufa? Mashine haina ulimi, na makampuni yana watu chungu nzima wa kushughulika nao. Hoja hii ina nguvu, lakini inapima kitu kisichoulizwa. Mtu akinipa fedha zake nimtunzie, nami nikaziacha juu ya meza mlango ukiwa wazi, siwezi kujitetea kwa kusema hakuna aliyeingia. Amana haipimwi kwa wingi wa wezi waliopita. Inapimwa kwa namna nilivyoitunza.

Wengine watasema, basi usiandike kabisa, weka moyoni. Ushauri huo nao una hasara yake. Nisingeandika ningesahau, na kumsahau mgonjwa siku ya dawa ni usaliti mwingine, tena mkubwa zaidi. Kalenda ilinisaidia kutimiza ahadi. Nililazimika kuandika ili niwe mwaminifu, na maandishi hayohayo yalipobaki baada ya ahadi kutimizwa yakawa hatari kwa uaminifu uleule.

Gumu kuliko yote lilikuwa la mdogo wangu. Desturi yetu ni wazi: mali ya amana, mwenyewe akifa, hurudishwa kwa warithi wake. Kama angeniachia fedha ningewapa watoto wake siku ya tatu. Lakini siri haigawanywi kama fedha. Wale ambao wangeirithi ndio haswa waliofichwa. Kuwapa ni kuvunja neno la marehemu, na kuwanyima ni kukaa na kitu ambacho huenda siku moja wakakihitaji. Hapa nilimwuliza daktari mmoja, bila kutaja jina la mtu, iwapo maradhi hayo hurithiwa na watoto. Alinijibu kwamba hayarithiwi. Angalisema yanarithiwa, ningewaita watoto nikawaambia, kwa kuwa siri ya aliyekufa haina haki ya kumwua aliye hai. Kwa vile hayarithiwi, neno la mwenyewe lilibaki na uzito wake.

Je, ningezifuta siku zile zote? Nilijaribu kufikiri hivyo, nikaona nami napotezewa. Zile safari za kwenda na kurudi, tukinunua machungwa njiani, ndizo siku nilizomjua mdogo wangu kuliko wakati wowote tangu utoto. Zilikuwa siku zake, lakini zilikuwa zangu pia. Basi nilizipitia moja moja. Niliondoa jina la kliniki, nikaondoa dawa, na mahali pake nikaandika: Nilikuwa na mdogo wangu. Maneno hayo ni ya kweli, na mtoto wake yeyote akiyasoma hatadanganywa. Za jirani na za kijana nilizifuta zote, kwa kuwa shughuli zilikwisha na hazikunihusu tena. Kisha nikahamisha, nikahakikisha saa zimefika sawasawa, nikarudi katika huduma ya zamani nikafuta kila kilichobaki, na mwisho nikaifunga akaunti yenyewe.

Simwambii msomaji afanye kama mimi. Pengine yeye hana jirani wala ndugu katika kalenda yake, ingawa sidhani. Namwomba tu kwamba siku atakapoulizwa na mashine kama anataka kuhamisha vyote, asikubali kabla hajasoma. Asome hata mwaka mmoja tu, na kila afikapo kwenye jina la mtu mwingine ajiulize kama mtu huyo angeridhia maandishi hayo yaende huko yanakokwenda. Palipo na shaka, na mtu yu hai, simu iko mkononi: ampigie.