Khabari za Mvua na Tufani si Ramli

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye pepo na mawingu ni majeshi yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Amma baad. Katika siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 1445, nazo ni siku za kwanza za Aprili 2024, mto Rufiji ulivuka kingo zake, maji yakaingia mashambani na majumbani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Watu wa Muhoro na wa vijiji vingi vya bondeni walitoka na watoto wao na vyombo vyao, wengine kwa miguu na wengine kwa mitumbwi, na Idi ikawakuta hali mazao yao yamelala chini ya maji. Tarehe 25 ya mwezi ule Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu huo zimekwisha ua watu 155 katika nchi na kujeruhi 236. Na kabla watu hawajapumzika, ikatokea khabari ya tufani iliyoitwa Hidaya, iliyokuwa baharini ikielekea pwani. Ijumaa ya tarehe 3 Mei, waumini walipokuwa wakienda msikitini, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha tangaza khatari yake, na siku ya pili ikafika Mafia, kisiwa kinachoikabili delta ya Rufiji. Kwa fadhili za Mwenyezi Mungu ilikuwa imepungua nguvu, walakini iling'oa miti na kubomoa nyumba, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini huko Somanga.

Asije mtu akalishughulisha jina lile la Hidaya, akalifanya fali njema au mkosi. Majina hayo huandikwa kabla ya msimu na nchi za upande huu wa Bahari ya Hindi, kwa mpango wa herufi, na iliyotangulia Hidaya iliitwa Gamane, ikapiga Bukini. Mwenye kutafuta siri katika jina la tufani yu karibu na mambo ya wakati wa ujahili.

Liko jambo kubwa kuliko hilo. Wako watu wa pwani, na baadhi yao ni watu wa swala, wasikiao khabari ya mvua kubwa au ya upepo wakasema kwamba huo ni upigaji ramli, na kwamba ghaibu haijui illa Mwenyezi Mungu. Neno la pili ni kweli tupu, na la kwanza ni kosa. Mpiga ramli hudai ujuzi pasipo sababu yoyote. Ama mtazamaji wa hali ya hewa hutazama sababu alizoziweka Mwenyezi Mungu katika ulimwengu wake: joto la bahari, uzito wa hewa, mwendo wa upepo, na mawingu yaonekanavyo kutoka juu kabisa, kisha husema ayaonayo kuwa karibu kutokea, wala hasemi kwamba lazima yawe. Nahodha aonaye wingu jeusi upande wa kusi akatua tanga hakuambiwa na yeyote kwamba amejitia katika ghaibu. Wala mvuvi ahesabuye siku za mwezi akajua lini ni bamvua na lini ni maji mafu hakuitwa mchawi.

Na mto wenyewe wa Rufiji ni hoja. Maji yapitayo Utete na Ikwiriri si mvua ya Utete na Ikwiriri tu. Ni maji ya Kilombero na Ruaha Mkuu na Luwegu, yatokayo milima ya Iringa, Njombe na Morogoro, na safari yake mpaka baharini ni ya siku nyingi. Basi mtu wa Kibiti aweza kuwa chini ya jua kali, na gharika yake imekwisha kunyesha mbali, iko njiani yaja. Aambiwaye hayo haambiwi ghaibu, aambiwa khabari ya kitu kilichokwisha kuwako, kama aambiwavyo kwamba mgeni wake ameshuka gari Kibiti na bado hajafika Nyamisati. Na kwa kuwa sasa juu ya mto pana bwawa la Julius Nyerere, ambalo milango yake hufunguliwa maji yakizidi, wenye kuishika milango ile wana amana nzito shingoni mwao, ya kuwafikishia walio chini khabari mapema na kwa lugha wanayoifahamu. Tangazo lisilofika Mbwera, kwa mtu wa Mbwera halikutangazwa.

Atasema msemaji: Mbona mwaka 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kwa khofu ya tufani ya Kenneth, nayo ikaenda zake Msumbiji? Na mbona mwaka 2021 ilitangazwa Jobo kwamba yaja Mafia na Dar es Salaam, ikafifia ikawa si kitu? Jawabu yake imo katika vitabu vya fikihi asomavyo kila mwanafunzi wa madhehebu ya Imam Shafi'i. Mgonjwa akiambiwa na tabibu mmoja mwadilifu kwamba maji yatamdhuru, aruhusiwa kutayamamu akaswali, na swala yake ni sahihi. Hakushurutishwa kungoja hata adhurike ndipo tabibu asadikiwe, wala hapana aliyesema kwamba akipona tabibu amekuwa mwongo. Sharia imejengwa juu ya dhana yenye nguvu, kwani yakini ya mambo yajayo haipatikani. Na ikiwa dhana hiyo yatosha katika udhu, nao ni ufunguo wa swala, vipi isitoshe katika kuokoa roho za watoto? Wamsumbiji waliopigwa na Kenneth mwezi ule wa Aprili hawakuona kwamba watazamaji walisema uwongo. Na aliyeizoea Jobo akaicheka, miaka mitatu baadaye aliiona Hidaya.

Wa pili ni yule asemaye: Lililoandikwa limeandikwa, nami natawakali. Hadithi ya ngamia na kamba kila mtoto wa chuoni aijua, haina haja ya kukaririwa. Illa itazamwe khabari ya Sayyidna Umar, alipokuwa safarini kwenda Sham akapata khabari ya tauni, akashauriana na masahaba, akarudi na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari yake. Mrufiji ajengaye dungu lake juu ya nguzo bondeni, akalala humo akilinda mpunga na maji yakipita chini, amekwisha kuifahamu maana hiyo kwa mikono yake.

Na lililo zito zaidi kwa maimamu ni hili. Imepokewa ya kwamba usiku wa baridi na upepo au wa mvua, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwamuru mwadhini awatangazie watu kuswali makwao. Na Ibn Abbas siku ya Ijumaa yenye mvua na tope alimwamuru mwadhini wake asiwaite watu kuja, bali awaambie waswali majumbani. Watu walipostaajabu, akawaeleza kwamba alifanya hivyo aliye bora kuliko yeye. Basi tangu hapo adhana yenyewe imechukua khabari ya hali ya hewa. Kipaza sauti cha msikiti wa Salale au Kiongoroni, ambako gari halifiki na chombo ndicho njia, chasikika mbali. Imamu apokeaye onyo kwa simu asubuhi akalinyamazia hata khutuba ya Ijumaa ijayo, kwa kuogopa kuambiwa ameleta mambo ya serikali msikitini, ameificha khabari ambayo waumini waliihitaji siku ile ile. Sheria ya maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka vijijini, na imamu aliye hodari atajua ni nani katika kamati ya kijiji chake, na mitumbwi iko mingapi, na kilima kipi hakifikiwi na maji, na mjane gani hana wa kumpakia.

Hukumu chache hazina budi kutajwa, kwani huulizwa maji yakiwa yamekwisha fika. Mvua ilowanishayo nguo ni udhuru wa kuacha Ijumaa na jamaa. Amwonaye mtu yu karibu kuzama, naye ana uwezo wa kumwokoa, yampasa aikate swala. Na akiwa amefunga na hawezi kumwokoa illa kwa kufungua, yampasa afungue, kisha atalipa siku ile na fidia pamoja. Aliyekufa maji ni shahidi wa Akhera, naye huoshwa na kuswaliwa kama maiti wengine. Mwenye mashua apandishaye nauli juu ya watu waliopanda mapaa ya nyumba atafute mwenyewe jina la fedha ile. Na akataye mikoko ya delta kwa boriti na mkaa pasipo kiasi avunja ukuta uzuiao mawimbi yasiingie kwa jirani yake.

Ama dua, ni katika sababu pia. Bedui mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (S.A.W.) yu juu ya mimbari, akalalamika ukame, akaombewa mvua. Ikanyesha juma zima. Ijumaa ya pili akaja mtu akalalamika kwamba mali yaangamia na njia zimekatika. Hakuomba Mtume mvua iondolewe duniani. Aliomba iwe pembezoni mwa watu, isiwe juu yao, iende vilimani na mabondeni na penye mizizi ya miti. Hiyo ndiyo dua ya mtu wa Rufiji, ambaye hupanda mlau wake katika tope liachwalo na mafuriko, wala hataki mto ukauke. Aiombe akiwa amekwisha wavusha watoto. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.