Daftari Lako Liko Wapi?

Viza umepata. Buti umenunua, darubini umeazima. Sasa uko ugenini, kambini, na leo umewaona wanyama ambao ndugu zako nyumbani huwaona kwenye televisheni tu.

Umeandika nini?

"Nimechoka." "Nitaandika kesho." "Picha zipo kwenye simu."

Acha hizo!

Simu yako inajua yule ndege alikuwa anakula nini? Inajua kundi lilinyamaza ghafla kabla ya mvua? Hayo uliyaona wewe. Usipoyaandika usiku huu, kesho utaanza kuyabuni, wala hutajua kwamba unabuni.

Charles Darwin alifika visiwa vya Galápagos mwaka 1835, kijana wa miaka 26 asiye na jina. Alikuwa mwandishi hodari wa madaftari. Lakini ndege wengi wadogo aliowakusanya hakuwaandikia wametoka kisiwa kipi. Aliporudi Uingereza ikambidi, ili kujua kila ndege katoka wapi, ategemee ndege waliokusanywa na wenzake wa melini, akiwemo nahodha FitzRoy. Jina la kisiwa tu! Ikiwa Darwin alibanwa hivyo, wewe unayetegemea kichwa utapona?

Au mtazame mtafiti wa wanyama Joseph Grinnell wa California. Mwanzoni mwa karne ya 20, yeye na wenzake walizunguka milima ya Yosemite wakiandika kila kitu: tarehe, mahali, mwinuko, hali ya hewa, panya gani kanaswa wapi. Grinnell akafariki mwaka 1939. Karibu karne moja baada ya safari zile, watafiti walirudi kulekule, madaftari yake yakiwaongoza, wakakuta nusu ya aina za wanyama wadogo walizofuatilia zimesogeza mipaka yake kupanda mlima, kwa wastani wa mita 500 hivi. Joto lilikuwa limeongezeka. Bila kurasa zile, nani angejua wanyama hao walianzia wapi?

Na wewe unasema mwandiko wako mbaya!

Nani amekuomba mwandiko? Humjui mdudu kwa jina? Mchore. Mpime. Andika rangi, acha nafasi ya jina. (Mimi nauamini zaidi mchoro mbaya kuliko jina la kubahatisha.) Mvua? Tumia penseli. Hukuona mnyama yeyote? Andika hivyo hivyo: saa ulizokaa, mahali ulipokaa, hakuna kitu. Hiyo nayo ni taarifa.

Ndani yako amelala mtafiti. Mpaka lini?

Amka! Washa tochi. Leo tarehe ngapi? Uko wapi? Uliona nini, saa ngapi, kikifanya nini?

Andika kabla hujavua buti.